Mafuta ya mgando usiku, ngozi iliyopauka asubuhi: unyevu unapotelea wapi?

Swali la msomaji: "Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mama wa miaka 36, naishi Kimara, kazi yangu iko Posta kwenye ofisi yenye kiyoyozi kutwa nzima. Nyumbani tunaoga maji ya kisima yenye chumvi, na chumbani tunalala na kiyoyozi. Kila usiku kabla ya kulala najipaka mafuta ya mgando mwili mzima, tena mengi, lakini asubuhi miguu imepauka, ugoko una magamba na unawasha, visigino vina magaga. Mgongoni nako nimeanza kutoka vipele. Nikienda Dodoma kikazi, wiki mbili kila baada ya miezi kadhaa, ndiyo kabisa: ngozi inakaza hadi inachanika. Nikaambiwa nitumie glisirini. Nyumbani ilinisaidia kidogo, Dodoma ikanizidishia. Nifanyeje ili unyevu ubaki kwenye ngozi usiku kucha?"

Pole sana, dada. Umeeleza vizuri kiasi kwamba sehemu kubwa ya jibu imo ndani ya swali lako. Mafuta unayotumia hayana ubaya. Tatizo ni wakati unaoyapaka, kiasi unachopaka, na kwamba unayapeleka hata mahali ambapo ngozi haiyahitaji.

Tuanze na mafuta ya mgando yenyewe. Hayana maji hata tone moja. Hayalainishi ngozi kwa kuiongezea kitu, yanazuia tu maji yaliyomo yasitoke. Kwa hiyo ukioga saa mbili usiku, ukapika, ukakagua madaftari ya watoto, kisha saa nne ukajipaka, unafunika sufuria tupu. Ngozi imeshakauka, na mafuta yanaulinda ukavu huohuo hadi asubuhi.

Tabaka la juu kabisa la ngozi ni jembamba sana. Limejengwa na seli zilizokufa, zimepangana, katikati yake kuna mafuta ya asili yanayoziunganisha. Likiwa na afya, maji ni kama asilimia 20 hadi 30 ya uzito wake. Yakishuka chini ya asilimia 10, tabaka hilo linakuwa gumu, halikunjiki, linapasuka kwa mistari midogo midogo. Ndiyo magamba unayoyaona ugokoni. Maji hutoka kwenye ngozi muda wote kwa kuvukizwa, hata kama hutoki jasho, na usiku hutoka mengi zaidi kuliko mchana kwa sababu joto la ngozi hupanda na kinga yake hulegea. Hiyo ni sababu mojawapo ya miwasho kuzidi ukishalala. Ugoko unaathirika kabla ya sehemu nyingine kwa kuwa una tezi chache za mafuta.

Katika kuzuia maji yasitoke, mafuta ya mgando hayana mpinzani miongoni mwa vitu vya bei nafuu. Yakipakwa sawasawa yanaweza kupunguza upotevu huo kwa asilimia 98 hivi, wakati mafuta mengi ya mimea yanapunguza asilimia 20 hadi 30. Kwa hiyo usiyatupe. Tutabadilisha kinachotangulia kabla yake.

Lakini kabla hujagusa kopo lolote, nenda nje ya dirisha la chumba chako uangalie ule mpira wa kiyoyozi unaodondosha maji ukutani. Maji yale hayatengenezwi na mashine. Yalikuwa kwenye hewa unayovuta. Hewa ya chumba inapopita kwenye koili baridi, mvuke wake unageuka maji na kutolewa nje, na hewa inayorudi ndani ni kavu kuliko ile iliyoingia. Hewa kavu hutafuta maji popote ilipo, ikiwemo miguu iliyotoka nje ya shuka. Unaishi kwenye mji wa pwani ambao hewa yake ina unyevu mwingi mwaka mzima, lakini saa 8 za ofisini na saa 7 za kulala unaishi katika hewa nyingine kabisa. Dar ya nje haikukaushi. Inayokukausha ni ile iliyofungiwa ndani.

Weka kiyoyozi nyuzi 26, siyo 18. Elekeza mapezi yake juu ili upepo usipige kitandani, na utumie kipima saa kijizime baada ya saa mbili. Kufikia hapo kwa kawaida umeshalala. Rimoti nyingi zina kitufe chenye alama ya tone la maji, ambacho kazi yake ni kukausha hewa: usikitumie usiku. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, usiku wa Dar unalalika kwa feni na dirisha lenye wavu. Feni nayo isikupige moja kwa moja, kwa sababu upepo unaopita juu ya ngozi unaondoa mvuke na kuukaribisha mwingine.

Jambo la pili ni maji ya kisima. Chumvi unayoionja siyo shida kubwa pekee. Maji mengi ya visima yana pia kalisi na magnesi, na sabuni ya kawaida ikikutana na madini hayo inafanya utando mweupe usioyeyuka, uleule unaogandia kwenye beseni na kwenye vigae. Utando huo unabaki kwenye ngozi pia. Unaongeza kupauka na unaacha mabaki ya sabuni yanayoendelea kuwasha baada ya kuoga. Huhitaji kuoga maji ya bomba mwili mzima kila siku kama hayatoki kwenu. Weka akiba lita 3 au 4 za maji ya bomba ya DAWASA au ya mvua kwenye ndoo yenye mfuniko, uoge maji ya kisima kama kawaida, kisha maji hayo yawe ya kujisuuza mwisho, kuanzia mabegani kushuka miguuni. Ni kiasi kidogo, lakini kwa wenye ngozi kavu tofauti huonekana haraka.

Sabuni sasa. Ngozi kwa asili ina uasidi kidogo, pH 4.5 hadi 5.5 (namba ya pH ikipanda, uasidi unapungua). Sabuni ya kipande ina pH ya 9 hadi 10, na sabuni ya mche ya kufulia au ya magadi ni kali zaidi ya hapo. Kila unapoisugua ugokoni inayeyusha yale mafuta ya asili yanayoshika seli pamoja. Mikono na miguu ya mtu anayefanya kazi ofisini haichafuki kiasi cha kudai sabuni kila siku, maji yanatosha. Sabuni iende makwapani, kinenani na kwenye nyayo. Sabuni za kuua vijidudu ziache kabisa kwa sasa. Dodoki nalo lisiguse ugoko wala viwiko hadi magamba yaishe. Najua wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba bila kusugua hujaoga, na magamba yale yanatamanisha kusuguliwa. Ukiyasugua yanaondoka usiku huohuo, na baada ya siku mbili yanarudi mengi zaidi, kwa kuwa umeondoa na kilichokuwa bado kinashikilia.

Oga kwa maji ya vuguvugu au ya baridi, dakika 5 hadi 10, zisizidi. Maji ya moto yanapendeza kwenye ngozi inayowasha lakini yanaondoa mafuta ya asili haraka. Ukimaliza, usijifute kwa nguvu. Chukua khanga kuukuu iliyolainika, ibandikebandike mwilini ili inyonye matone, kisha acha hapo. Ngozi unayoitaka ni hii: matone yameisha, lakini bado inang'aa kidogo, na kiganja kikipita juu yake kinateleza kwa kukwama kwama. Ukiona tayari inakaza, umechelewa; ilowanishe tena kwa mkono.

Kuanzia hapo una kama dakika 3. Kwa sababu hiyo makopo yako yahamie bafuni. Ukitoka na taulo ukaingia kwenye chumba ambacho kiyoyozi kimeshawashwa, maji uliyoyapata yanaanza kuondoka kabla hujafungua kifuniko. Jipake ukiwa bado bafuni, mlango umefungwa, hewa ya mvuke imekuzunguka. Kama ningeruhusiwa kukubadilishia jambo moja tu, lingekuwa hili.

Unachopaka kwanza ni kitu cha kushika maji, na hapo ndipo glisirini inapoingia. Glisirini huvuta maji kutoka popote palipo karibu. Nje ya kiyoyozi, Dar, maji yamejaa hewani, kwa hiyo inayachukua huko na kuyaleta kwenye ngozi. Ndiyo sababu glisirini imewafaa watu wa pwani tangu zamani. Dodoma hewa ya kiangazi ni kavu. Haina cha kutoa. Glisirini ikikosa maji juu inayavuta kutoka chini, kwenye tabaka za ndani za ngozi, yanapanda juu, kisha upepo unayachukua. Ukiipaka nzito, bila maji na bila kuifunika kwa mafuta, ngozi inaamka imekauka kuliko ilivyolala. Kilichokupata kule ni hicho. Chumba chenye kiyoyozi kinaweza kukufanyia hivyohivyo hata Kimara.

Usiipake glisirini tupu kutoka kwenye chupa. Inanata, na wengine inawachoma. Changanya nusu kijiko cha chai na vijiko vinne vya chai vya maji yaliyochemshwa yakapoa. Hiyo inakupa takriban asilimia 11, nguvu ya kutosha kwa mwili. Tengeneza ya usiku huo tu, mabaki yamwage: mchanganyiko huu hauna kihifadhi, na chupa yenye maji na glisirini ikikaa kwenye joto la Dar inaotesha bakteria kabla hujaona harufu. Watu huongeza marashi ya waridi au ndimu ili inukie. Kwenye ngozi iliyochanika, manukato yanawasha, na ndimu pamoja na jua la kesho yake inaweza kuacha mabaka meusi yanayokaa miezi.

Juu ya glisirini inafuata krimu. Nasema krimu, ile nzito ya kwenye kopo au tyubu, kwa sababu losheni nyepesi ya chupa ni maji kwa sehemu kubwa na yanavukizwa upesi. Soma nyuma ya kopo. Glisirini ikitajwa miongoni mwa vitu vinne au vitano vya kwanza, unaweza kuruka ule mchanganyiko wa maji na glisirini. Umeshaununua ndani ya krimu. Ukiona urea ya asilimia 5 au 10, ni nzuri sana kwa ugoko wenye magamba, kwani urea hushika maji na pia hulegeza seli zilizogandamana. Ina kasoro moja: inachoma kwenye nyufa. Penye ufa anza na mgando mtupu siku tatu au nne hadi pafunge, ndipo uilete urea. Krimu yenye seramidi ni bora zaidi kwa sababu inarudisha aina ya mafuta yaliyopotea kati ya seli, ila bei yake siyo ya kila mtu. Kwa mfuko mdogo, maji ya kuoga, glisirini iliyochanganywa na mgando juu yake vinafanya kazi nzuri sana. Usijione umekosa kitu.

Kiasi ndicho kinachowakosesha wengi. Kamua krimu juu ya kidole cha shahada kuanzia kwenye ncha hadi mkunjo wa kwanza. Hiyo ni karibu nusu gramu na inatosha eneo la viganja viwili pamoja na vidole vyake. Mguu mmoja kuanzia paja hadi kifundo unataka vipimo 6, wayo pamoja na juu yake 2, mkono 3, kiganja pande zote 1. Ukijumlisha pande zote mbili unapata vipimo 24, yaani gramu 12, vijiko viwili vya chai na kidogo zaidi. Kwa hesabu hiyo kopo la gramu 250 linaisha kwa wiki tatu hivi. Likikaa miezi mitatu, ujue unapaka kivuli cha krimu. Ipake kwa kushuka, kufuata vinyweleo vinavyolala, siyo kwa kuzungusha au kupandisha. Kusugua kinyume kunasukuma mafuta kwenye mashina ya vinyweleo na kuanzisha vipele.

Mwisho kabisa ni mgando, na hapa kiasi kinageuka: kidogo. Chota wa ukubwa wa punje ya maharage kwa ugoko mmoja, usugue kati ya viganja hadi uwe laini na uwazi wake uonekane, kisha ubonyeze juu ya krimu badala ya kuuvuta. Ngozi ing'ae, isitiririke. Tabaka nene halizuii zaidi kwa kiasi cha kuonekana. Linahamia kwenye shuka, linakusanya vumbi, na kwenye joto letu linakufanya utokwe jasho. Subiri dakika 10, vaa suruali nyepesi ya pamba ya kulalia, ndipo uingie chumbani.

Halafu uuweke ugokoni, magotini, viwikoni, viganjani na visiginoni basi. Mgongo wako hauuhitaji. Mgongo na kifua vina tezi nyingi za mafuta na za jasho, na vipele ulivyoanza kutoka vinaelekea kuwa vinyweleo vilivyoziba au harara, kutokana na mgando mzito juu ya ngozi inayotoka jasho mara kiyoyozi kinapozima au umeme unapokatika. Acha kupaka chochote mgongoni kwa wiki mbili, au losheni nyepesi ukihisi unakaza. Ule mtindo ulioenea mtandaoni wa kupaka mgando uso mzima usiku umetoka kwenye nchi zenye baridi na vyumba vinavyopashwa joto. Kwa uso wenye chunusi katika joto la Dar siupendekezi. Kwenye midomo na kope zilizokauka hauna neno.

Wengi huuliza kama mafuta ya nazi yanaweza kuchukua nafasi ya mgando. Yanafaa, hasa yale yaliyokamuliwa bila kupikwa sana, na ni laini kwa ngozi ya watoto. Ila yanazuia maji kidogo kuliko mgando, kwa hiyo kwenye ugoko wenye magamba yanatosha Dar bila kiyoyozi na hayatoshi Dodoma. Mafuta ya alizeti yana asidi ya linoleiki, ambayo ngozi huihitaji kujenga kinga yake, na mimi ningeyachagua kabla ya mafuta ya zeituni. Zeituni yana asidi nyingi ya oleiki, na imeonekana kwamba kwa watu wazima hulegeza tabaka la juu badala ya kulikaza, hata kama jina lake linasifika. Yoyote utakayochagua, pia yapake kwenye ngozi yenye maji.

Magaga ni suala la kipekee kwa sababu ngozi ya kisigino ni nene na haina tezi za mafuta hata moja. Krimu ya kawaida haipenyi. Loweka miguu dakika 10 kwenye maji ya vuguvugu bila chumvi wala dawa ya kuulia vijidudu, kisha pitisha jiwe la kusugulia taratibu kwa kwenda upande mmoja, mara mbili kwa wiki, ukiacha mara tu ngozi inapolainika. Futa, paka krimu ya urea ya asilimia 20 hadi 25, mgando juu yake, na uvae soksi za pamba. Usipake katikati ya vidole: pale panahitaji kukaa pakavu, na unyevu unaokwama hapo huleta fangasi. Wembe usiukaribie. Kisigino kilichochongwa kwa wembe kinajibu kwa kuota ngozi nene zaidi, na mkato mmoja ulioingia ndani sana ni mlango wa maambukizi. Mwenye kisukari asiloweke wala kusugua mwenyewe; akakaguliwe miguu kliniki kwanza. Na kwa wote: ukiwa na mgando nyayoni usitembee kwenye vigae bila soksi au ndala. Watu wanaanguka.

Kuna hatari nyingine ambayo hutajwa mara chache. Mafuta ya mgando yanayolowana kwenye nguo na shuka kwa siku nyingi yanakifanya kitambaa kishike moto haraka na kuwaka kwa kasi. Kama umeme umekatika na umewasha mshumaa, au unapuliza jiko la mkaa alfajiri na khanga uliyolalia, kaa mbali na mwali. Suruali ya kulalia na mashuka fua mara kwa mara kwa maji ya moto, ingawa hata hivyo mafuta hayaishi yote, kwa hiyo tahadhari ibaki palepale.

Unaponunua, tafuta mgando usio na harufu. Kopo lenye picha ya mtoto siyo uthibitisho. Mengi ya hayo yana manukato mazito. Neno la kwanza kwenye orodha ya viambato liwe petrolatum, na ikiwezekana liwe la pekee. Angalia alama ya TBS, shirika la viwango, na tarehe ya mwisho ya matumizi. Usinunue krimu za kupima zilizohamishwa kwenye vikopo visivyo na lebo, na hasa usikubali "krimu ya kulainisha" inayolainisha na kung'arisha ndani ya siku tatu. Mkorogo huwa na haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, vitu vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi. Steroidi inanyamazisha miwasho haraka, ndiyo maana watu huipenda, lakini inaikondesha ngozi, na ngozi iliyokonda inapoteza maji zaidi. Kama kwa sasa unatumia kitu cha aina hiyo, usikikatishe ghafla bila kumwona daktari. Ngozi inaweza kuwaka vibaya. Kopo lolote ulichote kwa kijiko kikavu, siyo kwa vidole vilivyolowa, na usiliache kwenye gari lililoegeshwa juani.

Safari ya Dodoma ianze kuandaliwa siku tatu kabla, ukiwa bado Dar, kwa kufuata utaratibu huu bila kuruka usiku hata mmoja. Kule, kuanzia Juni hadi Oktoba, kuna ukame, upepo na vumbi, na usiku unaweza kuwa na baridi ya kukufanya utamani maji ya moto. Oga mara moja tu kwa siku, jioni, na asubuhi nawa sehemu muhimu. Glisirini usiiache wazi hata siku moja. Lazima ifunikwe kwa krimu na mgando. Mgando unaoweza kuupunguza Dar, kule upake hadi mapajani na mikono mizima, kwa sababu jasho ni kidogo na hatari ya harara inapungua. Kuhusu hewa ya chumba cha wageni, bakuli la maji chini ya kitanda halisaidii sana. Uso wake ni mdogo. Lowesha taulo kubwa, likamue kidogo, litandaze juu ya kiti mita moja hivi kutoka kitandani, dirisha likiwa limefungwa. Taulo la namna hiyo lina karibu nusu lita ya maji, na linayatoa kwa upana wake wote. Mchana beba tyubu ndogo ya krimu, uipake kila baada ya kunawa mikono. Na kunywa maji kwa sababu una kiu. Hata ukinywa lita tano, hayaendi kuziba nyufa za ugoko.

Ndani ya siku tatu hadi nne za kufuata utaratibu huu, kukaza kwa ngozi kutapungua. Magamba yanahitaji kama wiki mbili, muda ambao tabaka la juu linahitaji kujibadilisha, na visigino ni wiki nne hadi sita. Ukiacha siku mbili baada ya kupona ngozi haitaharibika, lakini ukirudia dodoki na sabuni ya mche utarudi ulipokuwa kwa haraka.

Baadhi ya miwasho ya usiku siyo ukavu. Ikiwa unawashwa zaidi kati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono na kiunoni, na mwenzako au watoto nao wanajikuna, huenda ni upele, unaosababishwa na wadudu wadogo wanaochimba ngozi. Huo hautibiwi kwa mafuta. Nyumba nzima inatibiwa siku moja. Duara lenye ukingo uliovimba na katikati panapopona ni mashilingi, yaani fangasi wa ngozi, na mgando juu yake unaweza kuyastawisha. Mabaka mekundu au meusi yanayotoa maji kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti yanaweza kuwa pumu ya ngozi, ambayo inahitaji dawa pamoja na huu utaratibu. Ukavu ulioanza ghafla ukiambatana na kiu na kukojoa sana, au uchovu na kuongezeka uzito bila sababu, upimwe sukari, tezi ya shingo na figo.

Ukifuata haya wiki tatu kamili na ugoko haujabadilika, au ukiona ufa unaotoa usaha, uvimbe au joto mguuni, nenda kliniki ya ngozi. Muhimbili ipo, na hospitali za rufaa za mikoa zinaweza kukuandikia barua ya kwenda huko. Siku ya kwenda usipake chochote miguuni ili daktari aione ngozi yenyewe, na beba makopo yote unayotumia, hata lile lisilo na lebo.